Niliishia Tisini na Saba

Mwalimu mkuu wetu alirudi kutoka semina Mpanda mjini akiwa na wazo, na mwalimu yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya mtu wa semina anajua hofu iliyonipata. Alituambia kwamba shule za kisasa zina kuta zinazosema. Ukuta wetu wa darasa la saba, ule unaotazama uwanja wa paredi na jiko lililo ng'ambo ya uwanja, ulikuwa umenyamaza miaka yote na hakuna mzazi aliyelalamika. Sasa ulitakiwa uanze kusema kabla ya mgeni rasmi kuja kuzindua vyoo vipya.

Kila somo lilitakiwa kutoa kitu kimoja cha kuchorwa. Mwalimu wa sayansi akatoa moyo wa binadamu. Mwalimu wa maarifa ya jamii akatoa ramani ya Tanzania. Wa Kiswahili, mtu asiyejisumbua kwa lolote, akatoa "Elimu ni bahari", kana kwamba kuna ukuta wa shule nchi hii ambao haujaandikwa hivyo. Mchoraji aliletwa kutoka mjini, kijana mzoefu wa kuandika majina ya baa na gesti. Moyo wake ulitoka kama embe dodo lililopondwa. Kwenye ramani yake Ziwa Tanganyika lilinyooka kama tango na mkoa wetu wa Katavi haukuwepo kabisa, umemezwa na Rukwa. Nilipomwonyesha alisema rangi ya kijani imeisha. Walimu wenzangu wakasema si mbaya, inavutia. Mimi nilikaa pembeni nikiwadharau wote, na nasema wazi kwamba nilifurahia kuwadharau.

Somo langu ni hisabati. Walitegemea nitoe pembetatu au jedwali la kuzidisha. Nikasema sitoi uji wa jana. Nilitoa namba moja kubwa, yenye tarakimu saba, zote moja tupu: 1,111,111. Chini yake nikamwagiza mchoraji aandike: "Hii ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Nilikuwa na sababu zangu. Namba hiyo ina uzuri unaoweza kumlevya mtu. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata 1,234,567,654,321, tarakimu zinapanda ngazi hadi saba halafu zinashuka ngazi ileile. Wanafunzi wangu wa darasa la saba, watoto wa wakulima wa tumbaku upande wa Katumba ambao msimu wa kuvuna majani hata huwaoni darasani, walipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza walishangilia kama wamefunga goli. Dada zake wadogo wote wanagawanyika, isipokuwa 11. Ile ya moja tatu ni 3 mara 37. Ya moja nne ni 11 mara 101. Ya moja tano inataka subira kidogo, ni 41 mara 271. Ya moja sita inagawanyika kwa kila anayepiga hodi: 3, 7, 11, 13, 37. Lakini hii ya moja saba nilikuwa nimeijaribu mwenyewe, jioni moja na nusu, na ilikataa.

Niliijaribu kwa namba tasa zote, kuanzia 2 hadi 97. Zote ishirini na tano. Kila moja iliacha baki. Nilipofika 97 mkono ulikuwa umechoka na moyo ulikuwa umesharidhika, nikafunga daftari. Kanuni naijua na naifundisha: unajaribu mpaka ufike kwenye kipeuo cha pili cha namba yako, na kwa hii kipeuo kiko juu kidogo ya 1,054. Nilibakiza namba tasa zaidi ya mia na hamsini. Nikajiambia namba iliyokataa ishirini na tano haiwezi kukubali ya mbele. Mtoto darasani angeniambia hivyo ningemsimamisha mbele ya wenzake. Wapo niliowasimamisha. Nina msemo wangu wa darasani, "Umechoka? Nenda kalale kwenu," na wanafunzi wangu wameusikia kuliko wimbo wa taifa.

Mpishi wetu alikuwa mama wa Usevya, mtu wa makamo, mpole wa maneno, aliyekuja Mpanda kumfuata mume na kubaki baada ya mume kuondoka. Alikuwa amemaliza darasa la saba, basi. Kazi yake ilikuwa kupika makande ya wanafunzi, na makande, kwa asiyejua, ni mahindi na maharage yanayochemshwa pamoja mpaka yakubaliane, jambo linalochukua asubuhi nzima. Jiko letu lina paa la bati na kuta tatu. Upande wa nne uko wazi, na ukikaa pale kuchochea kuni macho yako hayana pa kwenda isipokuwa kwenye ule ukuta unaosema. Sisi wengine tuliutazama siku mbili tukauzoea. Yeye alitazamana na namba yangu kila siku ya shule, saa nne kwa siku.

Niliona alama za mkaa zikiongezeka kwenye ukuta wa ndani wa jiko. Nilipita pale mara nyingi kuchukua chai. Nilidhani ni hesabu ya ndoo za maji. Ningetulia hata dakika moja ningeona kugawanya kwa njia ndefu, safu baada ya safu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu mkuu. Lakini nani anasoma ukuta wa jiko? Wanafunzi walisimama foleni pale na sahani zao kila mchana, pua zao zimeelekea kwenye mkaa ule, na nilichowaambia ni wanyooshe mstari.

Siku moja kabla ya mgeni rasmi, mwalimu mkuu alizunguka na ndoo ya chokaa kukagua. Alifika jikoni wakati wa chakula, foleni imejaa, nasi walimu tukiwa nyuma yake na sahani zetu. Akaona ukuta umekuwa mweusi kwa tarakimu kutoka chini hadi mkono wa mtu unapofika.

"Nani kachafua jengo la serikali?"

"Mimi, Mkuu," alisema mama mpishi. Hakuacha kukoroga. "Nilikuwa naigawa ile namba ya Mwalimu."

Walimu walicheka. Yule wa Kiswahili alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi nilicheka nao, na nikaona vibaya kucheka tu bila kuongeza neno.

"Mama, na umeigawa imekupa nini?"

"Ilikuwa inakataa. Kila sufuria nilikuwa naipa namba moja ya kuigawa, siku nyingine mbili. Leo ya hamsini na mbili imekubali. Mia mbili thelathini na tisa. Haijabakiza kitu."

"Ya hamsini na mbili!" nikasema, nikiwageukia wenzangu. "Sisi tuliosoma tunaigawa kwa kichwa, mwenzetu anaigawa kwa kuni. Mama, wewe angalia makande yasiungue, haya mengine yana wenyewe."

Walicheka tena. Wanafunzi hawakucheka, lakini hilo nilikuja kulikumbuka baadaye.

Mwalimu mkuu hakuwa na habari na hesabu. Aliwaza macho ya mgeni. Alisema mtu anayechezea mkaa badala ya kupika hafai kuonekana kesho, kwamba kamati ya shule imeshampata mwingine, na kwamba asirudi. Mama mpishi alimaliza kugawa chakula mpaka mtoto wa mwisho. Aliosha mwiko, akauning'iniza mahali pake. Kisha akavua aproni na kuondoka kupitia geti la nyuma.

Nilienda ofisini nikachukua karatasi, ili nicheke vizuri zaidi. 239 kwenye 1,111 inaingia mara nne, inabaki 155. Shusha moja: 1,551, mara sita, inabaki 117. Shusha moja: 1,171, mara nne, inabaki 215. Shusha moja ya mwisho: 2,151. Nikazidisha 239 kwa tisa nikapata 2,151. Nikatoa. Nikarudia mara mbili zaidi nikidhani nimekosea kushusha. Jibu lilikuwa 4,649 na baki lilikuwa sifuri mara zote tatu.

Kutoka 97 mpaka 239 kuna hatua ishirini na saba. Namba tasa ishirini na saba tu, jioni moja nyingine ya kazi. Niliona aibu. Lakini nitasema ukweli wote: aibu hiyo haikunipeleka popote. Mama mpishi alikuwa hajafika hata kwenye kona ya barabara. Ningeweza kumkimbilia. Ningeweza kuvuka chumba na kumwambia mwalimu mkuu kwamba anamfukuza mtu pekee shuleni aliyemaliza kazi aliyoianza. Niliikunja ile karatasi nikaitia kwenye soksi kama mwanafunzi anayeibia mtihani, na nje walikuwa wanapaka chokaa ukuta wa jiko.

Kesho yake mgeni rasmi alikuja saa sita kwa ratiba ya saa tatu. Alizindua vyoo. Alitembezwa kwenye ukuta, akasifu embe letu la moyo, akasifu ramani bila kugundua kwamba amesimama kwenye mkoa usiokuwepo. Kisha akafika kwenye namba yangu, akasoma kwa sauti, na uso wake ukang'aa.

"Mnaiona hii?" akawaambia wanafunzi. "Moja, moja, moja, zimeshikana mikono! Haigawanyiki! Na sisi wananchi wa Katavi tuwe hivi. Makabila yetu mengi, dini zetu, lakini tukishikana, nani atatugawa?"

Umati ukapiga makofi. Mwalimu mkuu alinitazama kwa macho ya upendo. Nami nilipiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wengine, nikiwaza 239, 239, 239. Nimewadharau watu wengi maishani, wengine kwa haki, ila siku ile kiwanja kizima hakikuwa na mtu wa kudharauliwa kuliko mimi.

Wiki mbili zilizofuata zilinisaidia kwa njia ambayo sikuitegemea. Mpishi mpya alikuwa ndugu wa mjumbe wa kamati na makande aliyaona kama adhabu. Aliyaepua saa tano. Mahindi yalipigana na meno, maharage yalikuwa mawe, na walimu tulikula sahani zilezile. Mwalimu wa Kiswahili alivunjika jino. Nilipomwendea mwalimu mkuu kumwomba amrudishe mama wa Usevya, nilikuwa nimejipanga kumweleza habari ya 239 na nikaanza. Alinikatiza hata sijafika kwenye baki.

"Mambo ya namba tuyaache, Madam. Mwambie arudi tu, tunakufa njaa."

Hivyo ndivyo haki inavyotendeka kwetu. Wala sikumlazimisha asikilize. Nilijiambia nimejaribu.

Jumamosi nikapanda basi la kwenda Usevya. Barabara inapita Sitalike halafu katikati ya hifadhi, na mbung'o waliingia dirishani wakatuuma bila ubaguzi. Nilikuwa na daftari mapajani. Safari hii nilikuwa nimeamua sitafika kwa yule mama na kazi ya nusu. Kama 1,111,111 ni 239 mara 4,649, basi na 4,649 nayo lazima ijulikane kama inagawanyika au la. Nikaijaribu kwa kila namba tasa kuanzia 2 mpaka 67, kwa sababu kipeuo chake hakifiki 69. Namba kumi na tisa. Nikaua mbung'o kwa mkono wa kushoto na kugawanya kwa wa kulia. Zote zilikataa. Nilishuka Usevya nikiwa na vipele shingoni na kiburi changu kimerudi chote.

Nilimkuta uani kwa kaka yake, anapura mpunga juu ya turubai.

"Mwalimu! Umepotea njia?"

"Nimekuja kukuona, mama."

Alinipa kigoda na maji ya kunywa, akarudi kwenye mpunga wake. Nikamwambia kwamba alikuwa sahihi, na kwamba mimi nilizijaribu mpaka 97 tu nikaacha. Aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayeambiwa leo ni Jumamosi. Kwa hiyo nikaongeza ile niliyoikusudia. Nikamfungulia daftari.

"Na hii 4,649 nimeimaliza kabisa. Nimeijaribu kwa zote kumi na tisa, humo humo kwenye basi. Haigawanyiki. Safari hii sikuishia njiani."

Aliacha kupura. Aliutazama ukurasa wangu, akafuata safu zangu kwa kidole chenye makapi, mpaka chini.

"Zote hizi umezifanya leo?"

"Zote."

"Mwalimu, sasa ulikuwa unajisumbua nini?"

Sikumwelewa.

"Hii saba ilikataa kwenye ile kubwa. Mimi niliijaribu, na wewe si ulisema uliijaribu? Kama ingekuwa inaingia kwenye hii ndogo, ingeingia na kwenye kubwa, maana ndogo imo humo ndani ya kubwa. Hivyo hivyo kumi na moja, hivyo hivyo zote. Zilishakataa zamani. Ndiyo maana na nne sikuihangaikia, mbili ilipokataa." Alinirudishia daftari kwa adabu. "Ila umeandika vizuri."

Nilifunga daftari. Miaka yote ya chuo cha ualimu ilikaa nami juu ya kile kigoda. Nikamwambia haraka haraka kwamba mwalimu mkuu amekubali arudi, jiko ni lake, Jumatatu akitaka. Alichukua mganda mwingine wa mpunga.

"Na ile namba ukutani bado iko?"

"Bado."

"Na yale maneno ya chini?"

"Yapo."

"Umemwambia nani kwamba inagawanyika?"

"Nimekuambia wewe."

"Mimi nilikuwa najua," alisema. "Mimi nilifukuzwa nikiwa najua. Waambie waliokusikia siku ile. Ukishawaambia, nitakuja."

Alisema bila hasira, akapura. Nilikaa kidogo, nikala wali aliouivisha kwa ajili yangu, kisha nikarudi na basi la jioni kupitia mbung'o walewale.

Alikuja Jumatatu asubuhi kabla ya paredi. Hakuingia jikoni. Alisimama kwenye uwazi wa lile jiko, kifurushi chake kiko chini, aproni iko mkononi, anasubiri aone kama nitawaambia. Mwalimu mkuu alimaliza matangazo yake ya kuchana nywele na kukata kucha. Nikaomba dakika tano. Nikaenda jikoni, nikaokota kipande cha mkaa, nikarudi mbele ya shule nzima na walimu wote, nikaandika chini ya ile namba, juu ya rangi ya mchoraji wa baa: = 239 × 4,649. Tarakimu zangu zilitoka vibaya kuliko zote za mama mpishi.

Nikasema kwamba maneno ya ukutani ni ya uongo na niliyatoa mimi. Nikasema nilichoka nikaishia 97, kwamba mama mpishi alifika 239, na kwamba nilijua siku ileile alipofukuzwa na nikanyamaza. Mwalimu wa Kiswahili alikohoa. Mwalimu mkuu alitazama angani. Nikamaliza, nikawauliza wanafunzi kama nilivyozoea baada ya kila somo, kama kuna mwenye swali.

Msichana mmoja wa darasa la sita, mtoto asiyewahi kunyoosha kidole kwenye kipindi changu hata siku moja, akanyoosha.

"Mwalimu, sisi tulikuwa tunajua."

"Mlikuwa mnajua nini?"

"Kwamba inagawanyika. Tulikuwa tunasoma jikoni kwenye foleni. Ile siku ya mia mbili thelathini na tisa tuliiona kabla Mkuu hajaja. Tukaenda tukaigawa tena nyuma ya darasa, chini kwenye mchanga. Ikatoka hivyo hivyo."

Nilitazama mistari yote, darasa la kwanza mpaka la saba. Wengi walikuwa wanaangalia chini. Wale wa darasa langu mwenyewe, wale niliowafundisha kushangilia ngazi ya kupanda hadi saba na kushuka, ndio walioangalia chini kuliko wote. Wiki mbili nzima walikuwa wamekaa mbele yangu wakijua.

"Sasa mbona hakuna aliyeniambia?"

Yule msichana alimtazama mama mpishi aliyesimama kule jikoni, ndipo akajibu.

"Tuliona ulivyomcheka yeye."